Mto Ndani ya Kanga

Nikafungua kanga nimnyonyeshe mwanangu wa tatu... nikakuta mto!

Mto wa sufi! Umeviringishwa vizuri, umelazwa kati ya ndugu zake kama mtoto!

Ukelele nilioupiga, mtaa mzima wa Malindi ulisikia.

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, mimi ni Bi Kazija. Mjukuu anabonyeza simu, mimi nasema. Haya ni ya mwaka 1971, lakini yananiuma kama ya jana.

Nilikaa kwenye ndoa miaka bila mtoto. Kombe la aya za Kurani nimekunywa, mizizi nimechemsha. Mwisho daktari mmoja mgeni akatupa vidonge vya kushika mimba, mimi na wifi yangu Sichana wa Chwaka. Yeye havikumsaidia. Mimi... watatu kwa mpigo!

Mji ukanipongeza. Kumbe mwenzenu nalia. Nikinyonyesha nalia, nikifua nalia. Silali! Nikisema nimechoka, mama mkwe, Bi Mwanakhamis, ananijibu:

"Si uliomba mwenyewe? Mungu kakupa, sasa unamnunia?"

Nikawa nameza. Siku ile, baada ya kufua asubuhi, nikapitiwa na usingizi mpaka adhuhuri. Kuamka, mto!

"Makungu mwanangu yuko wapi?"

Mume wangu, Miraji, akaangalia chini. Mama yake ndiye aliyejibu.

"Shetani kamchukua! Umelala hukumwekea kisu!"

Kwetu kichanga hulazwa na kisu kandoni, shetani asimguse. Na kweli, kwa uchovu ule, sikukumbuka kama nilikiweka. Nikaanguka chini. Nimemuua mwanangu!

Nikainua macho dirishani... kamba ya nguo tupu. Winda, nepi za watoto nilizofua asubuhi, hakuna hata moja.

Enhe? Shetani gani huyu anayebeba na winda?!

Nikamtazama Miraji. Jasho linamtoka. Kwenye ukoo wao, nani anayelilia mtoto kuliko Sichana?

Arobaini sijaimaliza, nikavaa buibui. Jirani yangu Mwanapili akabeba mmoja, mimi mmoja, tukapanda gari la Chwaka.

Sichana akafungua mlango, Makungu begani.

"Mwizi wee! Nipe mwanangu!"

"Wifi... si umenipa mwenyewe? Kaka kanambia umesema watatu wamekushinda."

"Kakwambia nani?!"

"Miraji. Kaniapia! Nami nshamuogesha, nshamuimbia..."

Akanipa mtoto bila kuvutana. Machozi yanamtoka, lakini ananitazama mimi usoni.

"Wifi, lini umelala?"

Jamani! Nilikwenda kupigana, nikaangua kilio kifuani kwake. Tulidanganywa sote wawili.

"Funga nguo zako, Sichana. Twende wote."

Jioni Miraji akatukuta sebuleni, watoto watatu, wanawake wawili.

"Kila siku unalia, Kazija. Nikajua huwataki."

"Mtu akilia huulizwa, Miraji! Hanyang'anywi!"

Mama yake, aliyeujua mpango tangu mwanzo, akainuka akaenda jikoni.

Sichana alikaa nasi mpaka watoto wakatembea, na Makungu hadi leo ana mama wawili. Miraji nilimsamehe kwa mdomo. Moyo ulichelewa sana.

Basi wajukuu, mkienda kumtazama mzazi wa pacha, msikimbilie watoto. Muulizeni mama yao kama amelala.

Mimi nyumba ilijaa watu, na aliyeniuliza ni yule niliyekwenda kumwita mwizi.