Diski ya Marehemu Athuman

Kila asubuhi Hadia aliswali, akabandika chai, kisha akaifuta vumbi kompyuta ya marehemu mumewe. Akimaliza aliifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Vumbi la Misunkumilo wakati wa kiangazi, acha tu!

Athuman alikuwa mpiga video wa harusi. Kazi zake zote zilikaa kwenye diski mbili ndani ya kompyuta ile. Kwenye video hizo hakuonekana hata mara moja, maana ndiye aliyeshika kamera. Sauti yake tu ndiyo ilisikika. Binti yao Amira alikuwa mchanga baba alipofariki. Zaidi ya sauti hiyo, hakuwa na kingine cha kumjulia baba yake.

Diski zilizunguka usiku na mchana, mtu azitumie asizitumie. Hadia aliupenda ule mvumo. Aliona kama mumewe bado yuko sebuleni anafanya kazi.

Siku moja diski ya kwanza ikaanza kugonga, ta, ta, ta. Kisha ikanyamaza. Hadia akamwita jirani yake Agatha, fundi kompyuta. Agatha akahangaika nayo mpaka jasho likamtoka.

"Pole, Mama Amira. Hii imekufa."

"Na vilivyomo?"

"Vimepotea, dada yangu."

Humo ndimo ilimokuwa video ya akika ya Amira. Maskini Hadia! Alilia kama msiba umeingia upya.

Agatha akagusa diski iliyobaki, akarudisha mkono haraka. "Hee! Inaunguza. Nani kaifunika kompyuta?"

"Mimi. Naikinga na vumbi."

"Unaizibia hewa. Halafu diski inazunguka bure kutwa kucha, inapata moto na kula umeme. Siwezi kuapa kuwa ndicho kilichoiua ile nyingine, nayo ilikuwa imezeeka. Lakini hii tuipumzishe."

Kwanza akanakili kila kitu kwenye diski mpya. "Hii kaiweke kwa dada yako kule Magamba. Hakuna diski isiyokufa."

Kisha akafungua mipangilio ya kompyuta. "Isipotumika kwa nusu saa, itaacha kuzunguka. Siweki dakika mbili, maana kulala na kuamka kila mara nako kunaichakaza. Ukitaka video, itaamka yenyewe. Itachelewa kidogo. Subiri, usichomoe waya."

"Kwa hiyo sitaisikia tena ikivuma?"

Agatha akamshika mkono. "Hutaisikia. Ila itadumu."

Nusu saa ikapita. Mvumo ukapungua, ukakatika. Hadia akajifunika uso kwa mtandio, akalia kwa kwikwi.

Miezi imepita. Diski haiunguzi tena, na umeme hauishi haraka kama zamani. Lakini kimya cha sebuleni Hadia hajakizoea.

Jana Amira aliomba, "Mama, niwekee baba."

Hadia akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi. Akasubiri, waya hakuugusa. Diski ikaamka, harusi ikatokea, na Athuman akasema, "Sogeeni nyie, kila mtu aonekane!"

Amira akasogea.