Jiko Halimezi Moshi Wote

Senada alirudi kutoka zamu ya usiku ya kiwanda cha mikate saa nne asubuhi, miguu ikimuuma. Jikoni kulikuwa na joto na moshi. Mama mkwe wake, Rasema, alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la makaa ya mawe, lenye bomba la kutolea moshi nje. Alikuwa amefungua mlango wa jiko na kupulizia ndani moshi wa sigara yake. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Kwenye kochi, Minela, binti wa Senada mwenye miaka minne, alikuwa akikohoa. Mbavu zake zilibonyea kila alipovuta pumzi.

"Mama, moshi," Senada alisema taratibu.

"Unapanda bombani. Huoni?"

"Nifungue dirisha kidogo?"

"Umwue mtoto kwa upepo? Kalale, mwanangu. Umechoka mpaka akili."

Mume wa Senada alikuwa kazini ng'ambo, Slovenia. Kubishana kulitaka nguvu, naye Senada hakuwa nazo. Alimfunga Minela skafu, akambeba hadi zahanati. Ilikuwa mara ya tatu tangu baridi ianze.

Daktari alimpa mtoto dawa ya kuvuta kwa mdomo. Mchana, Sista Zumra, muuguzi anayezungukia nyumba za mtaa, alifuatana nao nyumbani. Njiani Senada alimweleza habari za sigara na lile bomba. Rasema alimmiminia kahawa, akamsogezea kisahani cha majivu, kama inavyompasa mwenyeji.

"Kahawa tu, Bibi, ahsante." Sista alivuta pazia, akalinusa. "Kama moshi wote unapanda bombani, mbona pazia linanuka?"

"Linanuka uzee, kama mimi."

Sista alicheka. "Mapafu ya Minela bado madogo, na anapumua haraka kuliko wewe. Moshi unamuumiza zaidi. Hata ukifungua dirisha, hautoki wote. Vutia nje, mbali na mlango. Ukirudi, vua koti, nawa mikono. Kuacha kabisa ndiko bora. Daktari atakusaidia."

"Na huko nje? Mji mzima unafuka!"

"Kweli. Ukungu wa moshi ukiwa mzito, fungeni madirisha. Ukipungua mchana, fungueni dakika chache, mtoto akae chumba kingine. Na hizi mbao za kabati bovu, hapa kando ya jiko, msizichome. Rangi yake ikiungua ni sumu."

"Miaka hamsini navuta, sijafa."

"Wewe hujafa, Bibi. Hebu msikilize huyu."

Kifua cha Minela kilipiga mluzi mwembamba, kikatulia, kikapiga tena. Rasema alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha alichukua kisahani, akakiweka nje kwenye theluji.

"Sasa baridi itaniua mimi," alinung'unika.

Hakuacha sigara. Lakini kila siku alitoka, akivuta na kulaani hali ya hewa. Wiki ya tatu jirani yao, Fadila, alikuja kunywa kahawa. Alipotoa sigara, Senada alitamani kusema, akaogopa.

"Nje, shoga," Rasema alisema. "Chukua kikombe chako. Nakuja."

Wale wazee wawili walitoka, wakitetemeka na kuteta. Minela alikuwa amelala. Senada aliketi kando yake, akatega sikio kifuani. Hakusikia mluzi. Alisikia pumzi tu, ikiingia na kutoka.