Mtoto Mweupe wa Mbega

Kama alivyosimulia Mama Mwajuma pale bombani, Latifa alisimama katikati ya njia ya msituni, akamkazia macho mtu mzima mwenye mzigo wa kuni kichwani, na badala ya kutoa shikamoo akaweka kidole mdomoni, kama mtu anayenyamazisha kitoto kichanga. Habari ilipofika kwa Bibi ilikuwa imenenepa njiani. Sasa Latifa alikuwa amesonya pia, tena akageuza mgongo.

Mwenyewe Latifa alikuwa nyuma ya nyumba akisugua masufuria kwa majivu, kazi yake ya kila jioni. Likizo hiyo, kila asubuhi alipanda na Mjomba Ismaili hadi loji ya msituni, juu kabisa, mahali ambapo gari la kutoka Lushoto halifiki. Wageni hupanda kwa miguu, wakalala kwenye vijumba vya mbao na kutazama wanyama. Mjomba aliwaongoza wageni. Latifa alifagia baraza na kuchemsha chai, na akimaliza aliruhusiwa kukaa na kutazama pamoja nao.

"Latifa," Bibi aliita. "Umemsonya Mama Mwajuma?"

"Sikumsonya, Bibi."

"Na kidole?"

Latifa akaliinamia sufuria. "Kidole niliweka."

Hapo Bibi akahamia Kishambaa, na Bibi akihamia Kishambaa ujue maneno yamekuwa mazito. Alipotulia kidogo, Latifa alijaribu kujieleza.

"Mbega walikuwa wanashuka, Bibi. Mmoja amezaa, na Mjomba anasema mtoto wao huzaliwa mweupe kama pamba, halafu hakawii kuanza kuwa mweusi. Tunamngoja tangu wiki iliyopita. Kila wakikaribia, mtu anapita chini. 'Mmeamkaje huko? Watoto je? Ng'ombe je? Na yule ndama?' Mbega wanaondoka. Wageni wanabaki wanapiga picha majani."

"Kwa hiyo watu tusisalimiane kwa ajili ya nyani?"

"Ni mbega, Bibi."

"Hata awe nani. Kesho huendi. Maharage yanakungoja, yamejaa magugu."

Latifa akasugua sufuria mpaka vidole vikamuuma. Shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Likizo nyingine ikifika, yule mtoto atakuwa amekwisha kuwa mweusi kama mama yake, na yeye Latifa atakuwa amechemsha chai likizo nzima bila kumwona.

Mjomba Ismaili alipofika, akasalimu, akasikiliza kesi yote amesimama mlangoni. Akashusha pumzi. Naye alikuwa amechoka na salamu za ile njia.

"Kidole kwa mtu mzima ni kosa, Mama, silitetei," alisema. "Lakini umeishi chini ya msitu huu maisha yako yote. Mtoto wa mbega umewahi kumwona?"

"Nimwone wa nini? Wanaonilia mahindi hao."

"Wanaokula mahindi ni nyani. Njoo kesho ukae nasi. Ukiona hakuna maana, Latifa atapalilia mpaka shule ifunguliwe."

Asubuhi Bibi alipanda mlima na Mjomba na Latifa, akiulalamikia kila hatua. Njia ni mbaya. Ukungu ni mwingi. Watu gani hawa wanatoka kwao kuja kulala porini? Walipofika, Mjomba alimkalisha barazani, mbele ya mti mkubwa uliofunikwa na kuvumwani kama zulia la kijani, akamnong'oneza kwamba sasa ni kunyamaza tu.

Bibi alinyamaza kwa muda wa kumeza mafunda mawili ya chai.

"Mpishi wenu ni nani? Hajaja kunisalimu."

"Yuko jikoni, Bibi," Latifa alinong'ona.

"Jikoni ndiyo hawasalimu watu? We mpishi! Hujambo huko?"

Mpishi akatoa shikamoo kutoka jikoni, na Bibi akataka kujua ni mtoto wa nani, wa upande gani, na mama yake anaendeleaje na miguu. Huko juu matawi yalitikisika. Mikia mirefu myeupe ikapita haraka ndani ya majani, ikapotea. Mgeni mmoja akafunika kamera yake. Latifa akauma mdomo. Bibi angekuwa mtoto mwenzake, angemwambia.

"Ndio hao?" Bibi aliuliza.

"Ndio hao walioondoka, Mama," alisema Mjomba. "Mbega hawajafundishwa adabu zetu. Wakisikia sauti ya mtu wanajua ni hatari tu."

Bibi akavuta kanga yake, akafunga mdomo. Safari hii aliufunga kweli. Ukungu ukapanda taratibu. Chai ikapoa. Hatimaye tawi moja likainama, na mbega wa kwanza akakaa, mabega yake yamefunikwa manyoya marefu meupe. Akafuata wa pili.

Na chini, njiani, akatokea Mama Mwajuma na mzigo wake wa kuni. Alipoiona kanga ya Bibi barazani, uso ukamchangamka, akavuta pumzi ya kutosha salamu ndefu.

Latifa alishaanza kuinua kidole. Akakishusha. Akateremka ngazi polepole, akamwendea Mama Mwajuma mpaka karibu kabisa, akapiga goti.

"Shikamoo, mama," alinong'ona. "Nisamehe kwa siku ile. Mbega wamekuja, wakisikia sauti wanakimbia. Bibi yuko pale anawatazama. Karibu nikutue mzigo, ukae naye."

"Marahaba," Mama Mwajuma alinong'ona. Mnong'ono wake ungeweza kusikika Mombo kule bondeni, lakini mbega walibaki. Latifa akamtua kuni, akamkalisha kwenye benchi karibu na Bibi.

Ndipo mbega wa tatu akashuka, taratibu kuliko wenzake. Kifuani alikumbatia kitu cheupe pee, kikasogea, kikageuza uso mdogo wa rangi ya waridi. Kamera za wageni zikalia. Bibi akamshika Mama Mwajuma mkono.

"Miaka yote hii," alisema kwa sauti ya chini, "nilidhani ni mikia tu." Akamgeukia Latifa. "Sikiliza, mjukuu wangu. Heshima si ukubwa wa sauti, hilo nimeliona leo. Lakini wala si kidole. Ungemfuata hivi siku ile, ukainama, ukamweleza, nani angekasirika? Mtu akielezwa anaelewa. Akinyamazishwa anaumia. Na mimi ningekuuliza vizuri kabla ya kukufokea."

"Ndiyo, Bibi." Latifa akamsogelea. "Bibi, naomba kesho nirudi. Maharage nitapalilia jioni."

Bibi akaugeukia tena mti. Mama Mwajuma akafungua mdomo amjibie, na Bibi, bila kuondoa macho kwenye kile kitoto cheupe, akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe.