Jina la Mzungu wa Chini

Jua lilikuwa limeshaanza kupoa Hosiana aliposhuka kwenye bodaboda kando ya machimbo ya Nyarugusu, mtoto mgongoni, simu mkononi. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi tu. Apige picha ya kaburi la Mzungu mmoja wa zamani, arekodi video fupi, kisha arudi zake Katoro kabla giza halijaingia.

Dakika kumi! Jamani, kuna kazi unaziona ndogo kwa sababu hujazijua.

"Nikusubiri hapa, Mama Edo?" aliuliza dereva wake, Marselino, kijana wa jirani.

"Nisubiri. Tena usiniambie umeenda kunywa chai, nakujua wewe."

Marselino akacheka. Hosiana hakucheka. Alivuta kitenge begani maana mtoto alikuwa anamwelemea. Edo alikuwa na miezi mitano. Asubuhi ile kliniki walimpima wakapata kilo tano na nusu, na wiki tatu nyuma alikuwa na kilo saba. Nesi alimtupia mama jicho la kumlaumu. Lakini mgongoni, mtoto huyo huyo alikuwa anazidi uzito kila siku, mpaka kiuno cha Hosiana kikawa kinawaka moto. Kwenye mizani anapungua, mgongoni anaongezeka. Utamweleza nani akuelewe?

Hosiana ana steshenari pale Katoro. Anachapa barua, anatoa kopi, anawajazia watu fomu. Miezi miwili kabla ya siku ile alipata ujumbe kutoka Norwe. Mwandishi alikuwa bibi wa miaka themanini na moja, Solveig, aliyeona tangazo lake mtandaoni. Bibi huyo alikuwa anaandika historia ya ukoo wao, na wote aliwapanga kwenye karatasi moja. Juu kabisa yupo Nils, mkulima wa milimani. Chini yake wanawe watatu. Torstein alibaki shambani, na ndiye babu yake Solveig. Ole alipanda meli kwenda Amerika, huko akazaa watu wa kujaza kijiji. Wa mwisho, Halvard, alikwenda Afrika Kusini kutafuta dhahabu, kisha akaingia Tanganyika enzi za Mwingereza. Barua yake ya mwisho ilitoka Nyarugusu.

Baada ya hapo, kimya.

Kila jina kwenye karatasi ile lilikuwa na mwaka wa kufa na mahali pa kaburi. La Halvard lilikuwa na alama ya kuuliza.

"Mimi nimezeeka," aliandika Bi Solveig, kwa Kiswahili cha kutafsiriwa na simu. "Sitaki kufa nimemwacha mmoja nje."

Maneno hayo yalimgusa Hosiana. Akaikubali kazi kwa moyo mmoja.

Sasa, siku hizo Edo alikuwa mtoto wa kulia. Ikifika magharibi anaanza, analia mpaka sauti inakauka. Mkwewe Hosiana, Mama Mbuke, alilisema mapema bila kuzunguka. "Mtoto analilia jina." Kwao Usukumani, jina la kwenye kadi ya kliniki ni la serikali na kanisa. Jina lenyewe linatoka kwa marehemu wa ukoo. Wazee wanakaa na mtoto magharibi, akiwa analia hivyo hivyo, wanawataja waliokufa, mmoja mmoja, taratibu. Jina atakalolinyamazia ndilo lake. Mwenye nalo amekuja kukaa naye.

Hosiana ameokoka. Alimjibu mkwewe kwa adabu, lakini alimjibu. "Mama, hayo sisi tumeyaacha."

Basi jioni moja yuko dukani, Edo anapiga kelele mapajani, naye anahakiki orodha ya Bi Solveig. Akaona amsomee mtoto, labda sauti itambembeleza.

"Nils..."

Mtoto analia.

"Torstein... Ole..."

Analia.

"Halvard."

Kimya.

Alinyamaza katikati ya pumzi, mdomo wazi. Akageuza macho, akamtazama mama yake. Hosiana akacheka, akambusu, akashukuru Mungu, akafunga duka. Alikuwa anasonga ugali ndipo maneno ya mkwewe yalipomrudia, mwiko ukasimama sufuriani. Akakemea kwa jina la Yesu, akaendelea kusonga. Hakumwambia mtu. Na hapo ndipo alipokosea, maana angemwambia Mama Mbuke usiku ule ule, pengine mambo yangekuwa mengine.

Tangu siku ile Edo hakulia tena. Hata sindano ya chanjo hakuililia. Majirani wakampongeza mama, mtoto mpole hivyo! Lakini mwili wake ukawa wa baridi. Ukimnusa utosini unapata udongo mbichi na baruti. Akilala anakwaruza ukuta kwa vidole... kwa mpangilio. Mara tatu, anatulia. Mara tatu, anatulia. Asubuhi Hosiana anamkuta na udongo mwekundu chini ya kucha, na mtoto mwenyewe hata kutambaa bado.

Aliombewa. Alipelekwa kliniki. Aliendelea kukonda.

Haya, turudi Nyarugusu.

Pembeni ya machimbo palikuwa na kibanda, na mbele ya kibanda mzee amekaa kwenye kigoda. Anaitwa Nkwabi. Hosiana alikuwa ameelekezwa kwake na wachimbaji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," mzee alimwita mama kwa Kisukuma. "Umekuja na mtoto mpaka huku?"

"Sichelewi, baba. Natafuta kaburi la Mzungu mmoja wa zamani sana. Anaitwa..."

Mzee aliinua mkono juu.

"Usilitaje," alinong'ona. "Hapa halitajwi."

Alisimama kwa shida, akamwongoza hatua chache nyuma ya kibanda. Palikuwa na duara la zamani, shimo lililofunikwa magogo na mabati yaliyooza. Kati ya bati na bati palikuwa na upenyo mweusi. Upepo uliotoka humo ulikuwa wa baridi. Hosiana akaisikia harufu... udongo mbichi. Baruti.

Aliijua. Alilala nayo kitanda kimoja wiki tatu.

"Kaburi hakuna," alisema mzee. "Yumo humu. Baba yangu alimfanyia kazi. Duara lilibomoka jioni, yeye yuko chini peke yake. Akawa anagonga mwamba. Mara tatu, anatulia. Mara tatu, anatulia. Siku nne walimsikia."

"Wakashindwa kumtoa?"

Mzee alitazama miguu yake.

"Hawakuchimba, mayu. Mwezi ule ule watu wake wawili walikuwa wamefukiwa, naye akakataa wachimbuliwe, ati kazi isisimame. Basi ilipofika zamu yake na wao wakakaa, wakamsikiliza. Siku ya tano, walipojua hawezi kuwa hai tena, wakakubaliana jina lake lisitajwe tena na mtu. Tunamwita Mzungu wa Chini, basi."

"Mungu wangu."

"Lakini kugonga hakuacha. Kila magharibi. Mimi nimezaliwa nasikia. Wajukuu zangu wamezaliwa wanasikia."

Hosiana alitega sikio. Kwa mbali jenereta ilikuwa inakoroma. Shimoni, hakuna kitu.

"Mbona mimi sisikii, baba?"

Mzee alimsogelea.

"Ndiyo shida yetu. Ni wiki ya tatu sasa hagongi. Tunaulizana... ametokaje? Amekwenda wapi?"

Wiki ya tatu.

Hosiana akapeleka mkono nyuma, akamshika mtoto. Alijua. Moyo ulijua, kichwa kilikuwa kinakataa. Akataka kukosea. Kuliko kitu chochote duniani alitaka kukosea. Kama yule mtu bado yumo shimoni, basi mtoto wake anaumwa ugonjwa tu, na ugonjwa una dawa. Na Bi Solveig alikuwa amemwomba, kwa ile video, alitaje jina la marehemu pale alipolala, maana hakuna wa kwao aliyewahi kufika. Akausogelea upenyo. Mzee alimshika mkono, akauchomoa. Mlokole mzima, anaomba mzimu umjibu!

"Halvard!"

Sauti ikashuka... ikashuka... ikapotea.

Akasubiri.

Mgongoni mwake, mtoto akaitika.

Hakikuwa kilio, wala kicheko. Aliitika kwa sauti nzito ya mwanamume, neno moja fupi la lugha isiyojulikana pale. Joto la pumzi yake lilimpiga Hosiana shingoni, na halikuwa joto. Lilikuwa baridi.

Mzee Nkwabi alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta wa kibanda.

"Umempa hilo jina wewe?"

"Sikujua, baba! Nilikuwa nasoma orodha tu..."

"Mtoto alikuwa analia?"

"Alikuwa analia."

"Magharibi?"

Hosiana akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mzee hakuhitaji kuelezwa zaidi, na yeye ni Msukuma.

"Huyo alikufa na njaa na kiu," alisema taratibu. "Kila unachomnyonyesha mwanao, anakula yeye. Mwanao hatamaliza mwezi."

"Nisaidie, baba yangu. Nifanye nini?"

"Jina likishapata mtu halirudi shimoni. Linatoka kwa kupewa mtu mwingine. Akiwa mtoto, tena wa damu ya huyo Mzungu, atamfuata haraka. Ana watu?"

Ana watu. Ana karatasi nzima ya watu! Na asubuhi ile ile Bi Solveig alikuwa ameandika kwa furaha kwamba mke wa mjukuu wake amejifungua mtoto wa kiume, ana siku nne, jina bado.

Hosiana aliishika simu kwa mikono miwili. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Akaandika kwamba amefika, kwamba Halvard yuko hapa, na kwamba huku kwetu ni heshima kubwa marehemu akipewa mtoto wa kubeba jina lake. Je, yule mdogo hawezi kuitwa Halvard?

Jibu lilikuja upesi.

"Tulilifikiria. Mama yake anasita, hataki jina lenye habari mbaya. Tuambie, alikuwa mtu wa namna gani? Alikufaje?"

Vidole vya Hosiana viligoma. Kule naye yupo mama. Mama ameuliza swali zuri, swali ambalo yeye mwenyewe angeliuliza, na anayejua jibu duniani ni yeye tu na huyu mzee. Angeweza kusema kweli. Angeweza kutafuta njia nyingine, kwa mkwe, kwa mchungaji, kokote.

Kimkono kidogo kikatoka ndani ya kitenge, kikamgusa shingo. Kucha zikakwaruza. Moja. Mbili. Tatu.

Zikatulia.

Akaandika: "Alikufa usingizini. Watu wa hapa walimpenda sana."

Akatuma.

"Umewaambia?" aliuliza mzee, ambaye hakujua kusoma.

"Nimewaambia, baba."

Walisubiri. Jua likazama. Bati moja juu ya duara likalia, na hapakuwa na upepo. Kisha simu ikatetemeka.

"Nalia kwa furaha. Mama yake amekubali. Anaitwa Halvard."

Uzito ukatoka mgongoni ghafla, hata Hosiana akadhani mtoto ameanguka. Akapiga kelele, akamvuta mbele. Edo alikuwepo, mwepesi, mifupa mitupu. Alimkunjia uso mama yake, akafumbua mdomo, akalia.

Akalia! Kilio cha mtoto mwenye njaa, cha kusikika machimbo yote. Hosiana alikaa chini pale pale kwenye udongo mwekundu, akamnyonyesha huku anacheka na kulia pamoja. Mwili wake ulikuwa wa moto. Alinukia maziwa.

Marselino alikuja mbio kutoka kwenye chai yake. "Kuna nini, Mama Edo?"

"Hakuna kitu. Turudi nyumbani."

Wiki mbili baadaye Edo alikuwa amerudisha kilo moja, na nesi akapunguza ukali. Jumapili, baada ya ibada, ukaingia ujumbe wenye picha. Mtoto mweupe, amevikwa sweta la sufu, macho wazi. Anaitazama kamera moja kwa moja, na watoto wa umri ule hawatazami hivyo.

"Karatasi yangu imekamilika," Bi Solveig aliandika. "Hakuna tena aliye nje. Na Halvard wetu ni mtulivu ajabu. Halii kabisa, hata akiogeshwa na maji ya baridi. Wazazi wake wanasema wamepata bahati."

Hosiana aliisoma mara mbili. Akaanza kuandika: "Bibi, nisamehe. Mbadilishieni jina leo leo, msikawie..." Kidole kikasimama juu ya kitufe. Wakimvua jina, mwenye jina atakwenda wapi? Huko kwao kila mtu ameshapewa mahali pake kwenye karatasi. Nyumba nyingine anayoijua ni moja tu, na iko Katoro.

Mkekani, Edo alianza kudai maziwa kwa sauti yake yote.

Hosiana akafuta, herufi moja moja, mpaka ya mwisho. Kisha akaandika: "Mungu amkuze."

Akatuma, akamnyanyua mwanawe, akaenda kufunga mlango.