Wasifu Uliotiwa Chumvi

Kila siku baada ya masomo, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza chuoni kumsubiri shangazi yake mtafiti, kisha wakarudi pamoja. Jina la Chiriku alibandikwa na baba yake, kwa kuwa mdomo wa binti huyo haukujua likizo. Mahali pekee aliponyamaza ni kwenye maabara ya shangazi, na hata hapo hakunyamaza kwa hiari.

"Viatu nje, mikono ioshwe, na chafya zote zibaki kwenye korido," shangazi alimwambia kila siku, kana kwamba hajawahi kumwambia.

Ndani, madirisha yalizibwa kwa pazia jeusi. Juu ya meza nzito palikuwa na taa ndogo iliyotupa mwale mwembamba kwenye kipande cha kioo. Kioo chenyewe kilipakwa chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba ukizipanga elfu moja hazifikii unene wa unywele. Tone la maji lilipowekwa juu yake, mwanga ulibadilika kidogo iwapo maji yale yalikuwa na madini ya risasi, yale yanayotoka kwenye mabomba machakavu na kuwadhuru watoto. Jicho halikuliona badiliko hilo. Kompyuta ndiyo iliyolichora. Shangazi alipima, akaosha, akapima tena, akaosha tena, mpaka Chiriku akapiga miayo ya kung'oa taya.

Basi habari zikaja kwamba shangazi ameshinda tuzo kubwa ya watafiti. Shuleni hapakutosha! Mwalimu wa darasa akampa Chiriku kazi ya kuandika wasifu wa shangazi yake, ili usomwe siku ya wazazi.

"Shangazi, wamekupa tuzo kwa kugundua nini?" Chiriku aliuliza, kalamu mkononi.

"Kwa kugundua kwamba nilikosea," alijibu shangazi, akacheka alipoona uso wa binti. "Hapo mwanzo nilitangaza kwamba taa yangu inatambua risasi. Kumbe mara nyingi ilikuwa inatambua mabaki ya sabuni niliyooshea vioo. Nikawaandikia wenzangu wote kwamba nimekosea. Nikaanza upya, nikatafuta namna ya kukagua kioo kabla ya kukiamini. Namna hiyo ndiyo wanayoitumia wengi sasa."

"Lakini taa yenyewe inafanya kazi?"

"Kwa maji, hapa mezani, ndiyo. Nje ya chumba hiki, bado."

Chiriku alinywea. Nani atampigia makofi mtu wa sabuni? Akaona ampambe shangazi kidogo. Akaanza na pambo moja, likaita la pili, na la tatu likaja lenyewe. Wasifu ulipokamilika, taa ya shangazi ilikuwa inammulika mtu na kuona ugonjwa wowote alionao, na sabuni haikutajwa popote.

Siku ya wazazi ilipofika, shangazi alikuwa ameshasafiri nchi ya mbali kupokea tuzo. Chiriku alisoma kwa sauti ya kengele. Makofi yalilia mpaka akahisi amekua kwa ghafla. Aliyepiga kuliko wote ni fundi cherehani, mama yake Kifimbo, msichana aliyekaa naye dawati moja.

Siku chache baadaye Chiriku alimsindikiza Kifimbo kwao. Chumba cha mbele kilijaa vitambaa, na katikati yake, kwenye mkeka, alilala kitinda mimba wa nyumba ile. Alikuwa mtoto mdogo, mtundu wa kuficha vifungo vya wateja. Sasa hakuficha kitu. Midomo yake ilikauka na macho yake yalikuwa mazito.

"Homa haijashuka, mama?" Kifimbo aliuliza.

"Bado. Hospitali walisema nimrudishe wampime damu kama homa haitashuka," mama alisema huku akikanyaga cherehani. "Lakini mtoto alivyolia kwa sindano ile ya kwanza! Ya nini kumtesa? Shangazi yenu anarudi karibuni. Atammulika tu na ile taa yake, tujue kinachomsumbua."

Chiriku alipiga hatua moja kuelekea cherehani.

"Mama... ile taa... labda siku hizi haifanyi kazi vizuri," alisema.

"Usijali, mwanangu. Nitasubiri zamu yangu, sitamsumbua."

"Ni kwamba haijazoea watu."

Mama alicheka. Kifimbo hakucheka. Alimtoa Chiriku mpaka mlangoni, akamwambia kwa hasira, "Kumbe una roho ya korosho! Kitu kizuri kikiwa cha kwenu, wengine wasiguse?"

Kesho yake Chiriku alimfuata mwalimu. "Mwalimu, ule wasifu una makosa madogo."

"Ndiyo maana nakupenda, hujikwezi," mwalimu alisema, akampigapiga begani. "Lakini acha kujishusha. Uliandika vizuri sana."

Chiriku aliondoka. Alitaka watu wajue ukweli bila kujua nani aliyeuficha, na njia ya namna hiyo haikuwepo. Kila alipopita kwa fundi alichungulia dirishani, na kila mara mtoto alikuwa palepale, kimya zaidi. Yeye aliyekuwa na maneno ya kugawia mtaa mzima, sasa hakupata hata moja la kumsaidia mtoto yule.

Jioni alimwomba baba simu, akampigia shangazi. Alilia kabla ya salamu, kisha akasema yote.

"Mimi niko mbali, mwanangu, siwezi kufika," shangazi alisema. "Na taa yangu haiwezi kumfanyia kitu mtoto huyo. Nenda sasa hivi, baba akusindikize. Usiisingizie taa. Sema ulichofanya wewe."

Wakaenda. Chiriku alisimama mbele ya cherehani.

"Mama, nilidanganya. Hakuna taa inayoona ugonjwa. Niliitunga mwenyewe ili nipigiwe makofi."

Mguu wa mama ulisimama. Alimtazama Chiriku, akamtazama mtoto kwenye mkeka, akamnyanyua na kutoka naye. Kichwa cha mtoto kikalala begani kama hakina shingo.

Hospitali, Chiriku na baba walikaa kwenye benchi la korido. Daktari alisema ni homa ya matumbo, na kwamba maji yamepungua sana mwilini.

"Atapona?" Chiriku aliuliza.

"Tumeanza dawa. Tusubiri," daktari alijibu, akarudi ndani.

Walisubiri siku nyingi. Chiriku alipeleka uji na shuka safi, kisha akarudi nyumbani. Kifimbo alihama dawati. Hakuna alichoweza kufanya kuiharakisha dawa, wala hakuweza kumlaumu Kifimbo. Hatimaye homa ilishuka, na mtoto akaomba uji wa pili. Waliporudi nyumbani alikuwa amekonda, lakini vifungo vikaanza kupotea tena.

Shangazi aliporudi, alimpeleka Chiriku kwa fundi. Chiriku alipiga magoti akaomba radhi. Kisha akasoma wasifu mpya, wenye sabuni yake na "bado" yake, ule ambao angeusoma shuleni mbele ya wazazi walewale. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," alisema taratibu. "Nilikuamini upesi kwa sababu nilitaka sana iwe kweli."

Shangazi alivuta pumzi, akamwinua Chiriku kutoka sakafuni.

"Umesikia, mwanangu? Uliponitia chumvi mimi sikuumia hata kidogo, nilikuwa mbali napeana mikono na wakubwa. Nilipokosea maabara, kioo ndicho kilichoharibika, nikakiosha. Ulipodanganya wewe, aliyelipa ni mtoto asiyejua hata kusoma. Kabla hujasema jambo kubwa, tazama kwanza nani atakayeliamini kwa moyo wake wote."