Mtazamaji wa Tatu

Mwanzoni dada hakushtuka. Pembeni mwa skrini nyeusi ya kompyuta, ile ya kuandikia amri, palisomeka: watazamaji watatu. Alidhani kaka yake amefungua kompyuta mbili, maana yule hata mvua ikinyesha hutoa mkono nje kuhakikisha.

Kaka ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta za hospitali, mpaka alipoteleza ngazini akavunjika paja. Sasa alilala nyumbani kwa mama, na dada ameshika nafasi yake katika chumba cha mitambo nyuma ya maabara. Kila asubuhi waliunganisha skrini zao: alichoandika mmoja, mwingine alikiona herufi kwa herufi, na akitaka aliandika naye. Hivyo ndivyo kaka alivyomfundisha kazi akiwa kitandani, simu sikioni.

“Kaka, funga kompyuta moja. Inatuchelewesha.”

“Ninayo hii hii tu.”

“Basi huyu mwingine ni nani?”

“Mtoe,” kaka akanong'ona. “Halafu badilisha nywila.”

Akamtoa. Idadi ikashuka, kisha ikapanda tena kabla hajanyanyua kidole. Chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua. Dada akapapasa mitambo, akaikuta baridi yote. Aliporudi kitini, maneno yalikuwa yanajiandika taratibu: MAMA ANABANDIKA MAJI JIKONI.

“Kaka, huo si utani mzuri.”

“Mikono yangu iko kifuani, mdogo wangu.” Sauti yake ilikuwa imekauka. “Na mama ndiyo kwanza anabandika maji.”

Dada akachomoa waya wa mtandao, akachomoa na wa umeme, lakini skrini haikuzimika, na vitufe vya kibodi vikaanza kuzama na kuinuka vyenyewe mbele ya macho yake, kimoja baada ya kingine, kwa ule mwendo wa kusitasita wa kaka yake, huku kwenye simu akimsikia kaka akisema kwa kunong'ona kwamba na kwake vitufe vinabonyea, na kwamba kuna mtu anampumulia shingoni.

Mama akamwita mganga, mwanamke mnene mcheshi, aliyeingia akitania kuwa siku hizi hata majini wamekwenda shule. Alipomshika kaka mkono, utani ukamwisha.

“Jini akiingia nyumba, namtolea pale alipoingilia,” akasema. “Huyu hakuingia nyumba. Mlifungua njia kati ya macho ya mmoja na mikono ya mwingine, naye amekaa humo.”

“Tukizivunja hizi kompyuta?” dada akauliza.

“Vunjeni. Mtakuwa mmevunja kompyuta.”

Akabeba mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Kaka aliiponda ya kwake kwa nyundo hata hivyo, na dada akaacha kazi. Siku chache zikapita kwa amani, mama akaanza tena kuimba akifagia.

Kisha alasiri moja, dada akiosha vyombo, vidole vyake vikaanza kugonga ukingo wa sahani. Alijaribu kuvizuia, vikamshinda. Akaenda chumbani huku povu likimdondoka, akamkuta kaka amelala chali, vidole vyake vikigonga blanketi kwa mdundo ule ule. Dada akakunja ngumi kwa nguvu zake zote, na ngumi ya kaka ikakunjika. Kaka akainua mkono kujifuta jasho, na mkono wa dada, wenye povu, ukapanda hadi kwenye paji la uso wake mwenyewe. Wakatazamana. Hakuna aliyelia, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kumwona mwenzake akilia bila kutaka.

Ile harufu ya kuungua ikarudi.

“Mbona kimya, wanangu?” mama akauliza, akisukuma mlango kwa kiwiko, beseni la nguo mikononi.

Dada alitaka kumwambia akimbie. Neno alikuwa nalo, lilikuwa limefika kooni. Lakini mdomo wake ukafunguka sawia na wa kaka yake, na kwa sauti moja, tamu, isiyokuwa ya yeyote kati yao, wakasema:

“Karibu, mama. Njoo ukae hapa katikati.”

Mama akacheka, akaweka beseni chini, akaja kukaa.