Picha za Jumatano

Haya aliniambia jirani yangu Máret msimu wa baridi uliopita, tukiwa jikoni kwake tunashona viatu vya ngozi ya kulungu. Alikuwa akisimulia habari za mjukuu wake Sunna, anayeishi naye, wala hakuzisimulia kwa ubaya.

Sunna alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila jioni akishakula na kumaliza hesabu zake, saa mbili alitoka na kamera kupiga picha za mianga ya kaskazini, ile ya kijani inayochezacheza angani kwetu. Picha moja kila robo saa, mpaka saa nne. Ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nzima kwa gari, mzee Áslat alipiga zake dakika hizohizo. Wote walimtumia Bi Kaarina, mtafiti wa mjini. Yeye alizilinganisha mbilimbili, akapima mianga iko juu kiasi gani.

Jumatano moja binamu yake Niillas akapita kwenye gari la theluji, yeye na kaka yake mkubwa. Niillas akamwuliza, "Wewe umeolewa na hiyo kamera?" Sunna akaona haya, akapanda nyuma. Walizunguka juu ya barafu ya mto hadi saa nne ikapita.

Aliporudi alishikwa na hofu. Ndani ya kamera mlikuwa na picha za ziada za Jumanne. Akachagua tisa, akaziandika kuwa za Jumatano, akazituma.

Siku ya tatu Bi Kaarina akawaandikia wote wawili kwamba picha zao haziendani kabisa, huenda saa ya mmoja wao ina kasoro. Sasa, sisi tukivuka mto tunaingia nchi nyingine, na majira yanarudi nyuma kwa saa moja. Hakuna mtu wa huku ambaye hajawahi kuchelewa harusi au mazishi kwa ajili hiyo. Basi kila mtu akasema ni mzee, amechanganya saa za ng'ambo mbili. Mzee mwenyewe akakubali. Bi Kaarina akaziweka kando picha zote za mzee za msimu ule, maana hakujua tena ipi ya kuamini.

Jumapili Máret alimchukua Sunna kwenda kumjulia hali mzee. Wakamkuta anaifunga kamera yake kwa kitambaa. Aliwamiminia kahawa na maziwa, akatania kwamba miguu yake bado mizima, ila akili imeanza kuvuka mto bila kuaga. Kisha akamsogezea Sunna kamera.

"Chukua, mjukuu wangu. Wewe unaaminika."

Sunna hakuigusa. Máret anasema uso wa mtoto uliwaka mpaka masikioni.

"Babu, hukukosea," akasema. "Zile za Jumatano ni za Jumanne. Nilikwenda kucheza, nikadanganya."

Mzee akamnyooshea simu, akamwambia ampigie Bi Kaarina mwenyewe, kwa mdomo wake.

Sunna akapiga, akaeleza yote huku analia. Bi Kaarina alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," akasema, "usiku usio na picha haunidhuru. Naandika kwamba hakuna, naendelea na kazi. Lakini picha ya uongo inanifanya nizitilie shaka hata za kweli. Umeona nani kabeba aibu yako wiki hii."

Akaahidi kuzirudisha picha za mzee kwenye kazi yake jioni ileile, na zile tisa akazifuta. Mzee akaifungua kamera yake.

"Leo sina neno tamu la kukupa," akamwambia Sunna. "Ila kesho nitakuwa nje kwa wakati wetu. Nawe uwe nje."

Kesho yake theluji ilianguka mfululizo. Sunna alitoka hivyohivyo, akatazama juu kila robo saa, akaandika mara tisa: mawingu, sikuona kitu. Akatuma, akampigia mzee kumwambia. Mzee akasema kwake pia ni mawingu, akamtakia usiku mwema na kwenda kulala.

Sunna akavua viatu, akapanda kitandani akajifunika gubigubi. Máret alimsikia akigeuka huku na huku kwa muda. Pumzi zilipotulia, bibi naye akazima taa, akalala.